Supachaja ya Kumfikisha Bibi Ukweni

Gari la babu lilizimika kwenye kilima cha Rebero siku tuliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, na lilizimika kwa adabu kabisa. Halikulipuka wala kutoa moshi. Lilipunguza mwendo, likatetemeka kidogo kama mtu anayetafuta leso mfukoni, kisha likasimama katikati ya mwinuko, sisi ndani tumevaa nguo za kanisani. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anatafuta mke, alivuta breki ya mkono akabaki anatazama mbele. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na bibi, kreti la soda limebanwa kati ya miguu yangu. Nikasema labda gari limeona mchumba wake hapo jirani. Hakuna aliyecheka. Utani ulikuwa mzuri, watu ndio hawakuwa tayari.

Ikabidi tushuke. Vijana wa mtaa walikuja kulisukuma gari hadi pembeni, na bibi akaimalizia ile njia kwa miguu, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwenye goti lake bovu. Kila hatua chache alisimama kusifia maua ya watu ili asionekane anapumzika. Juu kabisa, kwenye geti, alisimama shangazi wa mchumba, ametuona tangu tulipozimika. Shangazi huyo ndiye aliyemlea binti, na ile nyumba ni yake, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mtu mwingine yeyote pale. Alitupokea vizuri. Alitupa viti na juisi ya marakuja. Halafu, bibi alipokuwa bado anahema, akauliza kwa upole mkubwa kama huko tunakokaa hakuna vilima.

Tunakaa Gisozi. Ukidondosha chungwa mlangoni kwetu, linaokotwa na jirani wa nne chini. Shangazi alilijua hilo vizuri, na sote tulijua kwamba analijua.

Nieleze kidogo kuhusu sisi. Nyumbani tunasema Kiswahili kwa sababu bibi alizalia watoto wake wote Tanzania, na mwenyewe hukiri kwamba Kinyarwanda chake hutoka sawasawa akiwa amekasirika tu. Mimi niko sekondari, mwaka wa tano, nasoma fizikia, na walimu wangu huandika kwenye ripoti kwamba nina kipaji lakini. Sentensi inaendelea, ila mimi huwa naishia hapo. Baba mdogo ni fundi wa mafriji. Hutengeneza mafriji ya maduka, ya baa, ya hoteli, na kwake hakuna kitu duniani ambacho si friji. Nilipougua malaria mwaka juzi, wengine waliniuliza nasikiaje. Yeye aliuliza kama joto linapanda usiku au mchana, kisha akapapasa mgongo wa kitanda kama anatafuta waya.

Jioni ile, baada ya gari kurudishwa nyumbani, kikao kilifanyika mezani. Siku ya gusaba, yaani siku ya kwenda kuomba mke rasmi mbele ya watu, mahema na wasemaji wa pande mbili, ilikuwa imeshapangwa na haikuwa mbali. Baba yangu alisema suala ni jepesi, magari ya kukodi yamejaa mjini, meusi, yanang'aa, yana riboni tayari. Bibi aliweka kijiko chini.

"Ukweni sitakwenda na kitu cha kukodi," alisema. "Marehemu angekuwepo angenipeleka yeye. Hayupo, gari lake lipo. Ama litanifikisha getini, ama nitapanda kwa miguu kama leo."

Hapo ndipo mambo yalipokaa wazi. Bibi akisema atapanda kwa miguu, atapanda. Na safari hii angepanda mbele ya wageni wote, na mdomo wa msemaji wa upande wa pili ukimngoja juu, maana wasemaji wa gusaba kazi yao ni kutafuta kasoro ya wageni na kuichezea mpaka watu wacheke. Bwana harusi aliyemtembeza mama yake juu ya kilima si kasoro, ni karamu. Baba mdogo akasema, polepole, kama mtu anayejisikiliza, kwamba bibi atafika getini ndani ya gari la babu na mguu wake hautagusa kile kilima.

Niliamka asubuhi nikamkuta amefungua boneti, anakunywa chai huku ameitazama injini. Alisema injini ni nzima. Ni ya zamani, ni ndogo, lakini haina ugonjwa. Inachokosa ni pumzi. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na mzigo wetu si mwepesi. Akaniambia nizibe pua upande mmoja, nifunge mdomo, nipande ngazi za uani nikimbie. Nikafanya. Nilipofika juu nikiona nyota, akasema, "Umeona? Wewe ni mzima, na bado ungezimika Rebero."

Nilimuuliza kama basi anataka gari la mbio, katika mji huu ambao ukiendesha kasi kuliko ng'ombe aliyechoka kamera inakutumia ujumbe wa faini kwenye simu kabla hujafika nyumbani.

"Sitaki mbio," alisema. "Nataka pumzi."

Ndipo tukaenda Muhima, kule chini kuelekea Nyabugogo, kwenye duka la vipuri vilivyotumika, tukarudi na supachaja ndani ya gunia. Ilikuwa imetolewa kwenye gari la Kijerumani lililopata ajali. Kwa mtu ambaye hajawahi kuiona: ni boksi la alumini lenye ukubwa wa mkate wa slesi, zito kama dhambi, na ndani mna rola mbili zilizojipinda zinazokumbatiana bila kugusana. Mbele kuna gurudumu la mkanda. Injini inapozunguka, inauvuta mkanda, mkanda unazungusha zile rola, rola zinanyonya hewa upande mmoja na kuisukumia injini upande wa pili, nyingi kuliko ambavyo ingevuta yenyewe. Kwa maneno mengine injini inajipulizia. Nilimwambia hiyo ni sawa na mimi kujipigia makofi darasani. Akasema tofauti ni kwamba injini baada ya hapo inafanya kazi.

Likizo ikawa imepata shughuli. Yeye alikuwa anakwenda kwenye mafriji yake asubuhi, na mimi nikabaki na uwanja. Nilihamisha betri kutoka kushoto kwenda kulia ili kupata nafasi. Nilisafisha uso wa bomba la kuingizia hewa kwa wembe mpaka ukang'aa. Nilikata gaskiti kwa mkasi wa bibi wa kushonea, na hilo bibi amelijua sasa hivi, kama anasoma. Jioni baba mdogo alikagua kazi yangu kwa tochi, akinung'unika, na minung'uniko yake ina ngazi: mmoja maana yake rudia, miwili maana yake sawa.

Kigumu kilikuwa kile cha kuishikilia. Supachaja haiwezi kuning'inia. Inataka mkono wa chuma ulioshikizwa kwenye injini, na gurudumu lake lazima likae mstari mmoja na magurudumu mengine, vinginevyo mkanda unaruka. Tukaenda Agakiriro, kwenye karakana za mafundi, kwa fundi wa kuchomelea ambaye kwa kawaida hutengeneza vitanda na mageti. Mtu wa Nyamirambo, mcheshi, Kiswahili chake kimechanganyika na kila lugha iliyowahi kupita sokoni. Aliutazama mchoro wetu, akaugeuza, akaniuliza, "Dada, hii iko mguu ya kitanda gani?" Nilimwambia kitanda cha bwana harusi. Akacheka mpaka akavua miwani yake ya kuchomelea.

Alitutengenezea mkono imara ambao ungeweza kushikilia nyumba. Ila kwa kuwa mikono yake imezoea mageti, mwishoni mwa kile chuma alikuwa ameviringisha kijiua. Baba mdogo alikitazama kijiua kile muda mrefu. Fundi akasema bila hicho chuma kinaonekana uchi.

Tukaifunga. Tulipima mstari wa magurudumu kwa fimbo ya pazia, maana ndiyo kitu pekee nyumbani kilichonyooka kweli. Mkanda ndio ulitusumbua: njia iliyokuwa rahisi ilikuwa kuupitisha juu ya gurudumu la supachaja kwa upande wake wa mgongo, ule laini, badala ya upande wenye mistari. Nilimuuliza kama haijalishi supachaja inazungukia wapi. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyefungua kompresa nyingi za friji kuliko mimi nilivyofungua vitabu, kwamba kompresa haijali. Ukiizungusha kulia inasukuma, ukiizungusha kushoto inasukuma, kwa sababu ina pistoni na vilango vyake, na pistoni haijui kulia wala kushoto. Nikaona ni kweli. Na kwa friji ya pistoni ni kweli.

Jumamosi tukawasha. Yaani tukajaribu. Stata ilizunguka, mkanda ukazunguka, rola zikazunguka kwa mlio mtamu wa hariri ikichanwa, na injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Tukajaribu tena. Ikakohoa kwa mbali zaidi, kama mtu aliyeingia chumba kingine.

Siku zilizofuata baba mdogo alikagua cheche, cheche zipo. Akakagua petroli, petroli inafika. Alifungua, akafunga, akachaji betri, akafungua tena. Wageni walianza kuthibitisha kuja. Mama alikuwa akipima vitambaa sebuleni. Baba yangu alikuwa na namba ya mtu wa magari meusi mfukoni na alikuwa anaitoa na kuirudisha, kila mara mbele ya baba mdogo. Bibi yeye nilimwona mara mbili asubuhi akipanda na kushuka zile ngazi za uani, polepole, akishika ukuta. Alikuwa anafanya mazoezi. Nilivyomwona hivyo utani wote uliniishia, na kwangu huo ni ugonjwa nadra.

Lakini ugonjwa ulipona kesho yake. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa nzuri: MGONJWA AMELALA. WAGENI WAPUNGUZE KELELE. Nikaibandika kwa gundi kidogo juu ya mdomo wa bomba la hewa, mahali ambapo injini inavutia pumzi. Mpango wangu ulikuwa kwamba baba mdogo akigeuza ufunguo, bomba lilinyonye tangazo, ligande pale kama plasta, na yeye akija kuangalia alisome. Bibi alikuwa amesimama kando yangu na kikombe cha chai, na nilimnong'oneza ajiandae kuona linavyovutwa.

Baba mdogo, ndani ya gari, akakanyaga mafuta na kugeuza ufunguo. Karatasi ikatikisika, ikabanduka, ikaruka juu, ikageuka hewani na kutua ndani ya chai ya bibi.

Bibi akaitoa kwa vidole viwili, akaisoma, akaikung'uta.

"Mbona anapuliza?" aliniuliza. "Si ulisema atavuta?"

Niliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba na kumwomba baba mdogo ageuze tena. Upepo ukanigonga mkononi, wa vuguvugu, wenye harufu ya petroli. Akatoka, akaweka kiganja chake, mimi nikaenda kugeuza ufunguo. Nilimwona kupitia kioo: alisimama vile vile na mkono pale muda mrefu baada ya mimi kuacha. Halafu akakaa chini kwenye tairi la akiba na kuanza kucheka, kicheko cha ndani, cha mabega.

Supachaja ilikuwa inazunguka kinyume. Ule mgongo wa mkanda. Mkanda ukilikumbatia gurudumu kwa tumbo, linazunguka upande wake. Ukilikumbatia kwa mgongo, linazunguka kinyume. Na supachaja haina vilango vya kompresa ya friji. Ina rola tu, na rola ukizizungusha kinyume zinafanya kazi ile ile kinyume. Kwa wiki nzima tulikuwa tumemfunga yule mgonjwa mashine ya kumnyonya pumzi, kisha tukawa tunamuuliza kwa nini haamki. Baba mdogo alisema ni fundi wa friji pekee duniani angeweza kufanya hivyo, na alilisema kwa namna ya mtu anayejitambulisha.

Tukarudi Agakiriro na ule mkono wa chuma. Ilibidi usogezwe chini, kiongezwe kigurudumu kidogo cha kugeuza njia ya mkanda, na mkanda wenyewe uwe mrefu zaidi. Fundi alipokea habari kwa furaha. Alituomba radhi kwamba kijiua kitabidi kikatwe ili kipatikane nafasi, na nikaona amehuzunika kuliko sisi tulivyohuzunika na injini.

Na ikawaka. Sijui niseme nini zaidi. Iliwaka mara ya kwanza, ikatulia, na baba mdogo alipogusa mafuta ule mlio ukapanda, mwembamba, safi, na gari zima likainuka kidogo mbele kama mtu aliyeitwa jina lake. Bibi alisema linalia kama birika. Tulilijaribu kwenye vilima vya kwetu na magunia ya mchanga yaliyowekwa kwenye kiti chake, na bibi akataka kujua ni nani aliyeamua idadi ya magunia. Mara ya kwanza lilipopanda na mzigo, injini iligonga, sauti ya maharage yakitikiswa kwenye kopo. Baba mdogo aliirudisha cheche nyuma kidogo, ichelewe, akasema ukiipa pumzi nyingi lazima uifundishe subira. Maharage yakanyamaza. Kilichobaki ni joto. Injini ilikuwa inapata moto kuliko zamani, hasa ikienda polepole.

Siku ya gusaba ilikuwa ya jua. Mpango ulikuwa huu: magari yetu yote yakutane kwenye kituo cha mafuta chini ya kilima, yapange mstari, msemaji wetu mbele, kisha tupande pamoja. Upande wa mwanamume haufiki vipande vipande. Unafika kama watu, na mdomo wake uko mbele. Msemaji wetu alikuwa mzee jirani, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya redio, na yeye alikuwa kwenye basi dogo pamoja na wazee wengine. Kwenye gari la babu tulikuwa watatu: baba mdogo kwenye usukani, amevaa vitambaa vyake vyeupe vya bwana harusi, bibi pembeni yake, mimi nyuma na vikapu.

Tulikaribia kituo cha mafuta. Kulikuwa na nafasi, nikaona hata basi la wazee limeshafika. Baba mdogo akatazama kituo, akatazama kipimo cha joto, akatazama kilima. Hakukata kona.

Alinieleza baadaye kwamba hakuamua. Gari lilikuwa linakwenda vizuri mno, kama usingizi unaokuja, na aliogopa kuuvunja. Nilisema, "Baba mdogo, kituo." Akasema, "Naona." Na tukawa tunapanda.

Nitakuwa mkweli, ilikuwa tamu. Mlio wa birika ukajaa ndani ya gari. Nyumba zikawa zinarudi nyuma kwa mwendo mmoja, bila kusitasita. Pale tulipozimika siku ile, hakuna aliyepumua, na gari likapita pale kama halijawahi kupaona. Bibi alikuwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili na kutabasamu mbele moja kwa moja. Tukafika getini. Baba mdogo akasimamisha gari, akaegemea kiti, akafumba macho.

Alipofumbua, akaona viti vya plastiki bado vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kijana amepanda ngazi anafunga kamba ya hema. Ndipo alipokumbuka kwamba ana kundi.

Hali yetu ilikuwa hivi. Bwana harusi, ambaye hatakiwi kuonekana mpaka aitwe, amekaa wazi kama duka. Mama yake hawezi kushuka, maana hajakaribishwa, na hawezi kukaribishwa, maana hana msemaji wa kumwombea kiti. Simu ya baba mdogo ilianza kulia. Ilikuwa sauti ya redio ikiuliza kwa nini tumelipita kundi la watu wazima kama kundi la mbuzi. Mimi nikamwekea baba mdogo kikapu kichwani ili asionekane. Alikiacha hapo.

Na shangazi akatoka. Alikuwa na kitenge cha jikoni na kitambaa kichwani, mkono mmoja una unga. Alilizunguka gari taratibu upande wa mbele, akainama kidogo kwenye boneti, akasikiliza. Injini ilikuwa bado inawaka. Baba mdogo aliogopa kuizima ikiwa na moto ule. Shangazi alifanya biashara ya vitambaa Bukavu zamani, Kiswahili chake kimetoka huko. Akaja dirishani kwa bibi. Wakaamkiana kama wanawake wawili waliokutana kisimani, bila haraka, wakaulizana afya, magoti, mvua. Kuhusu kikapu hakusema kitu.

Kisha akanyoosha kitenge chake.

"Mama, mie sijavaa," alimwambia bibi. "Kwa hiyo nyie hamujafika."

Bibi akaitika kwa kichwa, kwa heshima, akamgeukia mwanawe na kumwambia ashuke kilima.

Kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa bado. Kushuka si kitu. Chini, sauti ya redio ilisema maneno machache yaliyopimwa, mstari ukapangwa, na safari hii tukawekwa nyuma ya basi la wazee ili tusitoroke. Basi lile lilikuwa zee kuliko wazee. Lilipanda kwa mwendo wa maandamano, na sisi nyuma yake, bila upepo wa kupoza kitu, na sindano ya joto ikaanza kupanda nasi. Baba mdogo akafungua hita ya ndani mpaka mwisho. Ni ujanja wa kweli: hita inavuta moto wa injini na kuumwaga ndani ya gari. Ilikuwa saa ya jua, tumevaa vitambaa juu ya vitambaa. Jasho lilinitoka hadi kwenye kope. Fundi wa friji, siku ya maisha yake, alikuwa anatuoka.

"Mwanangu," bibi alisema, akijifuta shingo, "unaoa au unapika?"

"Vumilia, mama."

Na basi likasimama. Kulikuwa na lori linarudi nyuma kutoka uwanja wa mtu, juu yetu, na kila kitu kikasimama, karibu mno na pale tulipozimika siku ile, pua juu, bibi amelala kwenye kiti kama yuko kwa daktari wa meno. Breki ya mkono ikalia. Sindano ikagusa mstari mwekundu, ikakaa hapo kama inasoma. Niliona mkono wa bibi unaelekea kwenye kitasa cha mlango, taratibu, bila hasira. Alikuwa anaenda kushuka ili kumpunguzia mwanawe mzigo. Baba mdogo alimwona pia.

"Usishuke," alisema. Hakupaza sauti. "Naomba usishuke."

Mkono ukarudi kwenye mkoba.

Lori likatoka. Basi likatapika moshi na kuondoka. Baba mdogo akaachia klachi kidogo, kidogo, mpaka gari likaanza kutetemeka mabega, akakanyaga mafuta, na ule mlio ukaja, mwanzo mbali, halafu karibu, halafu ukawa ndani ya meno yangu. Akaachia breki ya mkono. Hatukurudi nyuma hata kidogo. Tukaondoka kwenye ule mwinuko kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti bila kushika meza.

Getini palikuwa pamebadilika. Viti vimepangwa, hema limekaza, watu wamekaa. Msemaji wetu akashuka, akasafisha koo, na mambo yakaanza kama yanavyotakiwa. Baba mdogo akabaki kwenye gari, nyuma ya basi, kungoja aitwe, mashavu yanang'aa kwa jasho, dirisha wazi, mkono nje umelala juu ya mlango. Mimi nikamfungulia bibi, nikamshika, tukaingia na watu wetu.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya hema amevaa mushanana ya zambarau, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, shanga shingoni, hana hata chembe ya unga. Alitupokea kwa mikono miwili. Alimtazama bibi usoni kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamuuliza, mbele ya wazee wote wa upande wake, safari imekuwaje.

"Tumekuja moja kwa moja," bibi alisema.

Nikauma shavu langu kwa ndani, nikatazama chini, nikaenda kutafuta kiti.